Kikohozi Nilichokiita Vumbi

Nyamizi mwanangu,

Wangaluka, mama. Nakuamkia ya asubuhi ingawa naandika jua likiwa linazama, kwa sababu barua hii utaifungua ndani ya treni, tena baada ya kupita Usoke kama nilivyokuagiza. Kama umeifungua kabla ya Usoke, basi umenirithi mimi na siwezi kukulaumu.

Usitafute humu habari za michembe, vile viazi vyetu vilivyokaushwa, wala za chupa ya asali iliyofungwa katikati ya nguo. Hayo mama yako ameyasema mara tatu na atayasema tena stesheni. Mimi fani yangu ni meno na kujisifu. Leo nitaanza na hilo la kujisifu, maana nikilibana litanipasua, kisha nitakuambia jambo ambalo sijawahi kukuambia.

Mimi Shija, niliyeishia darasa la nne (mwalimu ndiye aliyechoka, si mimi), hakuna jino hapa Tabora lililowahi kunishinda. Nimeng'oa magego ya wachinja nyama. Nimemng'oa Bwana Shamba, Mzungu mrefu kama mlingoti, akalia kwa Kiingereza, na kilio cha Kiingereza ni kama chetu tu, nakuhakikishia. Watu wanatoka Nzega kwa basi kuja kwangu, wanapita vyumba viwili vya meno njiani, wanauliza, "Kwa Shija wa Koleo ni wapi?" Wewe mwenyewe umekulia kwenye sifa hiyo. Ndiyo maana walipotafuta dada muuguzi wa kusimamia chumba kipya cha meno pale zahanati ya Kaliua, waliposikia jina la baba yako hawakuuliza mara mbili.

Sasa sikiliza.

Juma lililopita ulikuwa unapiga pasi gauni lako jeupe, nami nikakukumbusha habari ya mabenchi, kwamba wakati wa mafua watu wakae nje, mmoja mbali na mwenzake, na waulizwe mlangoni kabla ya kuingia. Hukuinua hata macho. Ukasema, "Baba, ule wasiwasi wako nauacha hapa hapa Mtendeni. Mtu ametembea siku nzima kutoka porini, shavu limevimba, nimwambie ngoja nje kwa sababu ya kikohozi? Watasema binti wa Shija ana maringo."

Nikacheka. Nikakutania kwamba kweli una maringo, umeyatoa kwa mama yako. Halafu nikatoka uani nikajifanya napasua kuni, na kuni zenyewe zilikuwa zimeshapasuliwa.

Si wasiwasi, Nyamizi. Wasiwasi ni wa mtu asiyejua. Mimi najua, na nilivyojua ndiyo habari yenyewe.

Unajua unavyosimulia kifo cha Bi Mwanaidi. Bibi huyo ndiye mkunga aliyekupokea duniani, na ulimpenda kuliko shangazi zako wote. Ukisimulia, unasema sindano ya daktari Mhindi ndiyo iliyomuua. Mtendeni nzima inasema hivyo. Si kweli. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba si kweli, nami, isipokuwa kwa mtu mmoja, nimekaa kimya tangu ulipokuwa na miaka tisa.

Siku zile sikuwa na chumba changu. Nilikuwa msaidizi wa yule Mhindi, mtu mpole, mwenye mikono midogo kama ya msichana. Yeye alichoma sindano ya ganzi na kukanyaga ile mashine ya kutoboa meno. Mimi nilikaa mlangoni, nilichemsha vyombo, na nilishika vichwa vya wagonjwa. Yalipoingia yale mafua makali, nyumba moja ikikohoa na ya pili ikiitikia, Daktari alinikalisha akaniambia, "Shija, sisi kazi yetu ni pua kwa pua. Mtu akifungua kinywa, hatuna pa kukimbilia. Na mashine hii inarusha mate hewani kama ukungu." Akaweka sheria zake. Madirisha yote mawili wazi. Watu nje. Kila mtu aulizwe. Anayekohoa na anaweza kungoja, arudi kwao mpaka apone. Kitambaa mdomoni na puani, na kichemshwe kila baada ya mtu. Sabuni mpaka kwenye viwiko. Na la mwisho, akaninyooshea kidole: "Wewe ukiumwa, usije."

Nilizijua zote. Nilizikariri kuliko nilivyowahi kukariri kitu shuleni. Ujinga haukuniponza mimi.

Asubuhi moja akaja Kondo. Huyu Kondo ndiye yule yule unayemwita Babu Kondo, Mzaramo wa genge la mafundi wa reli. Unajua sisi Wanyamwezi na Wazaramo. Tangu babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo ya misafara kutoka hapa hadi pwani, wakapita nchi yao wakila na kulala kwao, tumekuwa watani, na mtani hana mlango unaofungwa. Akitaka kofia yako, kofia imekwenda. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa.

Nikamuuliza kama nilivyoagizwa, "Unakohoa, Kondo?" Na alikuwa anakohoa kama kichwa cha treni kinachopanda mlima.

Akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Mnyamwezi unaniuliza mimi kikohozi? Babu yako alibeba meno ya tembo mpaka kwetu, uchi, tukamfunika tambara. Leo mjukuu wake anabeba meno ya watu. Ukoo mzima ni kubeba meno tu!"

Benchi zima likaangua kicheko.

"Na nyie?" nikamjibu. "Mlikuwa mmelala chini ya minazi mnangoja mtu mwingine achoke ndipo mmwibie mzigo."

"Na huo mdomo umeufunika wa nini? Wewe mwali? Hebu tuone kama una meno au unauza ya wenzio!"

Akaninyang'anya kitambaa usoni, akapengea kamasi humo humo, akakitundika kwenye msumari wa mlango kama bendera ya Bwana Mkubwa. Watu walicheka mpaka mmoja mwenye shavu lililovimba akawa analia huku anacheka. Nami nilicheka kuwashinda wote. Nikamshika mkono, nikamrukisha foleni, nikamwingiza ndani na kikohozi chake. Ningefanyaje? Nimfukuze mtani mbele ya watu? Nilijiona ni bingwa siku ile, mama. Nilimpa kila mmoja kicheko bila senti.

Akasema upepo unamchoma jino. Ilikuwa kiangazi, na unaujua ubaridi wetu wa asubuhi. Nikafunga madirisha, nikaacha ufa wa kidole kimoja. Daktari alikuwa ameinamia vyombo. Akaniuliza, "Kitambaa chako?" Nikasema kinachemka. Kisha nikakishika kichwa cha Kondo, uso wangu wazi juu ya uso wake, tukaendelea kutukanana mpaka jino likatoka.

Siku ya tatu nikaamka mgongo unaniuma kama nimetoka pwani na pembe begani. Nilijua ni nini. Lakini jana yake tu nilikuwa nimewaambia watu kwenye benchi, "Mimi damu ya mapagazi, mafua yakiniona yananiamkia shikamoo!" Sasa nikae nyumbani, waje waniulize habari? Nikatia karafuu chini ya ulimi ili kikohozi kisitoke, nikaenda. Kitambaa nilikivaa, ila pua ilikuwa imeziba. Nikakishusha chini ya pua. Baadaye kidogo kikafika kidevuni, na hapo kikabaki.

Ndipo akaingia Bi Mwanaidi.

Mwanamke aliyewapokea watoto nusu ya Mtendeni, asiyetetemeka mbele ya damu wala mbele ya mume mkali, alikuwa anatetemeka kwa ajili ya koleo. Akanishika shati. "Shija mwanangu, nishike wewe. Usiniache na huyu."

"Nipo, Bibi. Huyu akikuumiza namng'oa yeye."

Akacheka kidogo. Nikakikumbatia kichwa chake kifuani, nikainama, nikawa namsimulia upuuzi sikioni ili asiione sindano. Pumzi yangu yote ilikuwa juu yake. Kikohozi kikanishinda, kikatoka mara moja, kikubwa. Alichosema Bi Mwanaidi ni, "Pole, baba."

Daktari akasimamisha mkono. "Shija, unaumwa?"

"Vumbi, Bwana Daktari."

Jino likatoka zima. Alifurahi kama mtoto, akalifunga kwenye pindo la kanga, akaenda zake. Siku ya nne hakuamka kitandani. Kabla juma halijaisha tulimzika.

Wengine walimzika, niseme kweli. Mimi nilikuwa nimelala nyumbani, kifua kinawaka. Wewe ndiye uliyeniletea uji. Uliniona nalia ukadhani ni msiba, ukanifuta machozi kwa mkono wako wenyewe. Sijasahau mkono ule.

Nimejiambia mara nyingi kwamba pengine aliyapata kwingine. Mafua yalikuwa kila mahali. Lakini Bi Mwanaidi alikuwa amejifungia kwake siku zote zile, hakwenda sokoni wala msibani, na kwake hakuna aliyekuwa anaumwa. Alitoka mara moja tu. Alikuja kwangu.

Mji ukasema ni sindano. Ni rahisi kusema hivyo. Mhindi ni mgeni, sindano ni ngeni, na mimi ni Shija wao anayechekesha watu. Watu wakaacha kuja. Daktari alinijia nyumbani nilipopata nafuu, akakaa kwenye kile kigoda chetu kifupi, magoti yakamfika kidevuni. Akaniuliza, bila hasira, "Siku ile, lilikuwa vumbi?"

Nikasema, "Vumbi, Bwana Daktari."

Akatikisa kichwa polepole. Baada ya muda mfupi alifunga chumba chake akahamia Nzega kwa kaka yake mwenye duka. Siku anaondoka alinipa koleo zake mbili, ile mashine ya kukanyaga na kile kiti cha zamani. Aliniambia maneno mawili tu: "Fungua madirisha."

Kwa hiyo, Nyamizi, kiti ambacho kimekulisha na kukusomesha ni kiti cha mtu niliyemwacha abebe kosa langu. Shija wa Koleo alianzia hapo.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Najihurumia vya kutosha mwenyewe, nina kipaji. Nakuandikia kwa sababu kesho unakwenda kukaa kwenye mlango kama ule ule, na kinachoniogopesha si kwamba hujui kuchemsha kitambaa. Umesoma kunipita. Nakuogopea ile siku ambayo mtu unayempenda atakuchekesha mlangoni. Mgeni ni rahisi kumwambia ngoja. Atakayekushinda pamoja na sheria zako zote ni yule anayekuita mwanangu.

Na hilo uliloniuliza, la aliyetembea siku nzima akiwa na shavu lililovimba, nalo nilishakutana nalo. Mwaka wa pili wa chumba changu alikuja mrina asali kutoka porini huko Sikonge, anakohoa, macho yamemwiva, na jino limeoza mpaka ananuka. Nimrudishe? Hapana. Nilimkalisha peke yake chini ya banda la uani mpaka wote walipokwisha. Kisha nikakitoa kiti nje, nikakiweka upepo ukiwa unatoka mgongoni kwangu kwenda kwake, nikafunga vitambaa viwili, mashine sikuigusa kabisa, nikatumia koleo tu. Kuku walitusimamia kazi. Jino likatoka, naye akanipa asali iliyomfanya mama yako anisamehe mambo matatu. Mtu mwenye maumivu hafukuzwi. Anapangiwa pake. Ukimwambia sababu kwa sauti ya kawaida, bila kumwonea kinyaa, atakaa. Wenye maringo ni wale wanaogeuza uso bila kusema neno.

Kuhusu watani, hapo nilitumia akili, na hapa naomba unipigie makofi hata kama uko peke yako kwenye behewa. Nilimwendea Kondo nikamwambia yote. Ni mara pekee katika maisha yake hakutia utani. Aliweka kikombe cha chai chini. Kisha akasema, "Basi niweke mimi mlangoni." Na wewe umemwona, kila msimu wa mafua, siku ambazo hayuko zamu relini, anakalia lile gogo letu na fimbo yake, akimwona Mnyamwezi anakohoa: "We! Kifua kama behewa la mizigo, unataka kumwua nani humu? Kaa kule!" Na wanakaa, wanacheka, hakuna anayenuna, maana mtani hanuniwi. Mlango ulioniponza kwa utani, nikaulinda kwa utani. Kaliua nako hawakosekani Wazaramo kwenye njia panda ile ya reli. Tafuta wako. Mpe chai, mpe gogo, umwache atukane.

Na siku wewe mwenyewe ukiamka mwili mzito, funga chumba. Watanung'unika. Utasikia aibu, hasa kama jana yake ulijigamba, na wewe ni damu yangu, utakuwa umejigamba. Funga hivyo hivyo. Jino lililongoja mwezi litangoja juma.

Mama yako nilimwambia jana. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua, kisha akasema, "Nilijua lile halikuwa vumbi." Miaka yote hiyo! Ndiyo maana nakuambia, kuoa ni kulala na polisi.

Na leo mchana, wakati ulipokuwa unawaaga rafiki zako, nilikwenda kwa Juma, mtoto wa Bi Mwanaidi, yule fundi cherehani. Nilimkuta anashona kanzu. Nikamwambia yote nimesimama, maana ningekaa ningeanza kuchekesha. Cherehani ikasimama.

"Ulikuwa unajua unaumwa?" akauliza.

"Nilijua."

"Ukamshika mama yangu."

"Nilimshika."

Aliichomoa kanzu kwenye sindano. "Mwaka juzi ulinitoa jino, Shija. Nikakuombea dua."

Nikavua kofia, mwanangu. Mimi!

Akasema, "Sitasema nimekusamehe leo, nitakuwa nakudanganya. Lakini yule Mhindi tumemsema vibaya mimi na ndugu zangu, kila arobaini, kila hitima. Umemwambia?"

"Bado."

"Nenda kwanza kwake. Kisha uje."

Kwa hiyo kesho treni yako ya Kigoma ikishaondoka, nami napanda basi la Nzega. Naona ajabu kwamba siogopi. Nimekuwa naogopa kitu hiki tangu ukiwa mdogo, na tangu jana nimekisema mara mbili na bado nakula ugali. Nikirudi nitawaambia na watu wa benchi, mmoja mmoja, mpaka Mtendeni wachoke kunisikia. Kama watu watapungua kwenye chumba changu, watapungua. Mikono bado ninayo, na hakuna mwenye mikono kama hii kutoka hapa mpaka Ujiji.

Baada ya kuvuna karanga nitakuja Kaliua kukuona. Jiandae, maana stesheni nzima itajua kabla sijatua mguu kwamba mimi ndiye niliyemzaa dada wa meno. Nikifika kwenye chumba chako na nina hata chembe ya kikohozi, usinipokee. Nitabisha. Nitakuita mama, nitakuchekesha, nitakukumbusha nani alikubeba mabegani kwenda kanisani, na nitasema wazi mbele ya wagonjwa wako kwamba baba hazuiliwi na mtoto wake. Wewe simama mlangoni na uniambie nisiingie. Nitanuna, lakini nitatii. Na moyoni, Nyamizi, sitakuwa nimewahi kujisifu kwa kitu kikubwa kuliko hicho.

Ni mimi, baba yako,
Shija